Jogoo kwenye kanda ya The Cure

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alikuwa baharia. Kwenye sanduku lake nimekuta kanda ya The Cure inayoitwa Concert, ya 1984, aliyoinunua Uingereza. Upande A ni tamasha, uko sawa ila umefifia kama umefunikwa blanketi. Upande B ndio mtihani: mwimbaji kama yuko bafuni, gitaa liko mbali, kila wimbo na ubovu wake. Kadi inasema nyimbo kumi, mimi nahesabu tisa. Karibu na mwisho muziki unakatika, tak, halafu kwa dakika kama tatu watu wanaongea kwa sauti nyembamba kama watoto, na jogoo anawika. Kisha muziki unarudi. Je, hiyo nayo ni sehemu ya tamasha? Juu ya kanda kulikuwa na vipande vya selotepu vilivyokauka, nimevibandua. Rafiki yangu anasema kanda imeoza, niitupe nitafute nyimbo mtandaoni. Mama naye hataki kuisikia, kwa sababu wimbo wa mwisho wa upande A unaitwa Killing an Arab, na baba yake ni Mwarabu wa Pemba. Ninataka kuihamishia kwenye kompyuta. Nifanyeje? Nipo Tanga."*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mzee. Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, nami nitayajibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu la jogoo ninataka tulifikie taratibu. Kwa sasa nakuomba jambo moja: usiitupe kanda hiyo, na usiipige tena mpaka umalize kusoma hapa.

Rafiki yako amesikia upande B ukikwaruza, akaamua utepe umeoza. Ni kosa la kawaida. Kanda iliyooza huwa haichagui wimbo. Sauti huzama na kuibuka ovyo, chaneli moja hupotea, au deki hupiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Wewe unasema kila wimbo una ubovu wake, na ubovu huo unaanza na kuisha pamoja na wimbo. Hapo si utepe unaosema. Hivyo ndivyo nyimbo zenyewe zilivyorekodiwa.

Ulichonacho ni hiki. The Cure ni bendi ya Crawley, mji wa kusini mwa London, na mtu pekee aliyedumu ndani yake tangu mwanzo hadi leo ni Robert Smith. Mwaka 2024 walitoa albamu mpya baada ya kimya cha miaka 16, kwa hiyo tunazungumzia watu ambao bado wako kazini. Concert ilirekodiwa Mei 1984 katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, na mjini Oxford, ikatoka Oktoba mwaka huo huo. Kikosi kilichopiga kilikuwa cha kupita. Mpiga besi wao tunayemzoea, Simon Gallup, alikuwa ameondoka mwaka 1982 baada ya yeye na Smith kuzipiga kavukavu wakiwa Strasbourg, katikati ya ziara ya albamu ya Pornography. Kwenye kanda yako besi inapigwa na Phil Thornalley, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa studio aliyeshiriki kuitengeneza hiyo hiyo Pornography. Dramu ni za Andy Anderson, naye hakuumaliza mwaka akiwa na bendi. Msikilize vizuri kwenye "Give Me It". Anazipiga ngoma kana kwamba zinamdai. Mashabiki wengi wanaidharau Concert kwa sababu ni fupi na ya haraka. Mimi siidharau, na sababu kubwa ni huyo Anderson.

Sasa, santuri ya Concert ilikuwa na nyimbo kumi kwenye pande mbili, na CD iliyofuata ikawa na kumi hizo hizo. Toleo la kanda peke yake ndilo lililofanyiwa ujanja: tamasha zima likabanwa upande A, na upande B ukajazwa nyongeza iliyoitwa Curiosity, mkusanyiko wa vipande vya kabatini. Unafunguliwa na "Heroin Face", iliyorekodiwa jukwaani kwao Crawley mwaka 1977, Smith akiwa kijana wa miaka 18. Inafuata "Boys Don't Cry" ya majaribio ya 1978. Halafu ni maonyesho ya Nottingham 1979, Ufaransa 1980, Australia 1981, na London na Paris 1982. Kwa hiyo ukiingia mtandaoni kutafuta Concert, utakachopata ni upande A wako. Vipande kadhaa vya upande B vilikuja kuchapishwa tena kuanzia 2004, kwenye matoleo yaliyopanuliwa ya albamu zao za mwanzo, lakini vimetawanyika huku na huku.

Kwa nini vinasikika vile? Tamasha likirekodiwa kwa ajili ya kuuzwa, sauti ya kila maiki hugawanywa njia mbili. Moja inakwenda kwenye spika za ukumbini, nyingine kwenye mashine ya kurekodi, ambako kila chombo kina njia yake. Baadaye mtu anakaa studio kwa utulivu, anapandisha gitaa, anashusha matoazi, anaamua watazamaji wasikike kiasi gani. Upande A ndivyo ulivyo.

Rekodi za kabatini aghalabu huwa za aina mbili. Ya kwanza huchukuliwa moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbini, ile meza ya kuchanganyia sauti. Fikiria ukumbi mdogo: dramu zinasikika zenyewe bila msaada, na ampu ya gitaa inatosha kuwatoa watu masikio. Fundi mitambo hana haja ya kuviongeza, anachopandisha ni sauti ya mwimbaji tu. Ukumbini mlingano ni sawasawa, ila kwenye mikisa mwimbaji yuko mbele peke yake na bendi iko chumba cha pili. Aina ya pili ni ya maiki iliyowekwa ukumbini kwenye mashine ndogo. Hiyo inabeba mwangwi wote wa kuta, ndiyo "bafuni" yako. Tena mashine ndogo nyingi hujirekebisha zenyewe: dramu ikigonga, mashine inashtuka na kushusha kila kitu, kisha inapandisha tena polepole, na muziki unakuwa kama unahema. Likumbuke hilo la mashine kujirekebisha, nitalirudia.

Upande A kufifia ni habari nyingine, na hapo huenda tatizo liko kwako kweli, lakini kwenye deki, si kwenye kanda. Anza na hedi, kile kipande cha chuma ndani ya deki kinachosoma utepe. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usafishe hedi, mhimili mwembamba wa chuma unaovuta utepe, na rola ya mpira inayoubana. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai sana, ina maji mengi. Pamba ikitoka rangi ya kahawia, usishangae. Rudia mpaka itoke nyeupe.

La pili ni Dolby, mfumo wa kupunguza ule mvumo wa "shhh" wa utepe. Angalia kadi au ganda la kanda. Ukiona alama ya Dolby, ya D mbili zinazotazamana, ujue kiwandani sauti za juu zilizokuwa dhaifu zilipandishwa wakati wa kurekodi, ili deki izishushe pamoja na mvumo huo. Kanda yenye alama ipigwe swichi ikiwa imewashwa, isiyo na alama ipigwe swichi ikiwa imezimwa. Ukiiwasha pasipotakiwa unapata blanketi hilo hilo unalolalamikia. Hata hivyo kanda ya miaka 40 hupoteza kidogo sauti za juu, hivyo hata yenye alama inaweza kufifia Dolby ikiwashwa. Jaribu zote mbili, sikiliza matoazi, amini masikio yako.

La tatu ni kona ya hedi. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu, na humo zinapita njia nne, mbili za kila upande, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Hedi ikiinama kidogo tu, kidogo usichokiona kwa macho, sauti za juu zinapotea. Deki nyingi zina skrubu ndogo pembeni ya hedi ya kuirekebisha. Geuza sauti iwe mono, uzungushe skrubu polepole, robo ya mzunguko isizidi, huku ukisikiliza. Kuna mahali matoazi yatafunguka ghafla kama mtu amefungua dirisha. Kabla hujagusa, tia alama ya rangi ya kucha mahali skrubu ilipokuwa, ili uweze kuirudisha.

Kuhusu mama, usibishane naye. Jina la wimbo huo ni baya na mwenyewe aliyeutunga ameshasema kwamba anajutia kuuita hivyo. Smith alikuwa kijana aliyesoma riwaya ya Mfaransa Albert Camus, ya 1942, kuhusu mtu anayemuua Mwarabu ufukweni nchini Algeria bila sababu ya maana na bila kujisikia lolote. Wimbo unasimulia tukio hilo ili kuonyesha utupu wa muuaji. Si wito wa kumdhuru mtu. Lakini wapo waliouchukua kwa chuki yao, na Waarabu wa Marekani wakalalamika, mpaka mkusanyiko wa nyimbo zao wa 1986 ukabandikwa kibandiko huko cha kueleza kwamba wimbo haukubaliani na ubaguzi. Miaka ya 2000 Smith alikuwa akibadilisha maneno jukwaani, kuna wakati "kuua" kukawa "kubusu". Mweleze mama hayo, naye akiendelea kuuchukia ana haki yake. Ni wimbo wa mwisho wa upande A. Kanda inaweza kusimamishwa kabla haujafika.

Haya, tuje kwa jogoo.

Kanda ya dukani hutoka kiwandani ikiwa na vishimo viwili wazi juu, mahali pa kufunikwa na vile vijipande vya plastiki. Deki ikigusa shimo tupu, kitufe cha kurekodi kinagoma. Ndiyo kinga ya kutofuta kwa bahati mbaya. Njia ya kuishinda kila mtoto wa enzi zetu aliijua: unaziba shimo kwa selotepu, au unajaza karatasi. Selotepu uliyoibandua ina maana moja tu, kwamba kuna siku mtu alitaka kurekodi juu ya kanda hiyo. Umefanya vyema kuibandua, maana sasa hakuna atakayerudia kosa. Na wimbo wako wa kumi uliopotea, kwa jinsi ulivyoeleza nafasi yake, ni "All Mine", wa London 1982, unaokuja wa tisa kwenye kadi. Hakuna jogoo Hammersmith. Hao wanaoongea wako kwenu.

Angalia jinsi dalili zinavyokubaliana. Ile "tak" ni kitufe cha kurekodi kinapobonyezwa. Ukisikiliza kwa makini mwanzoni kabisa, utasikia kwa nukta moja muziki na watu kwa pamoja, kwa sababu hedi ya kufuta imetangulia hedi ya kurekodi, na kile kipande cha utepe kilichokuwa katikati yao hakikupata kufutwa. Mwishoni, kabla muziki haujarudi, kutakuwa na kimya kifupi kwa sababu hiyo hiyo, ila kwa kinyume. Maongezi yako mbali kwa kuwa redio kaseti za wakati ule zilikuwa na maiki ndogo ndani ya ganda, nayo ilijirekebisha kama nilivyosema: watu wakinyamaza, mashine inapandisha, na jogoo wa uani anaingia sebuleni.

Na zile sauti za watoto? Nina wasiwasi hazikuwa za watoto. Redio ya betri, betri zikichoka, huvuta utepe polepole. Kilichorekodiwa polepole kikipigwa kwa mwendo sahihi kinakimbia, na sauti ya mtu mzima inakuwa nyembamba. Mmoja wa hao "watoto" anaweza kuwa baba yako.

Ndiyo maana nilikuambia usiipige tena. "All Mine" ya jukwaani ya 1982 imo kwenye toleo lililopanuliwa la Pornography la 2005, ukiitaka utaipata. Hizo dakika tatu hazipo kwingine.

Basi fanya hivi. Kwanza itazame kanda kwenye mwanga. Kwenye dirisha la ganda, utepe ukionekana na unga mweupe au madoa kama ya mkate uliokaa, hiyo ni kuvu, na unyevu wa Tanga unaijua kazi hiyo. Usiichomeke kwenye deki, itaichafua hedi na kuambukiza kanda nyingine, na usiipulize ukiwa karibu na mtu mwenye pumu. Geuza kanda uangalie ukingo wa chini: katikati, nyuma ya utepe, pana kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa kwenye bamba jembamba la chuma. Ndicho kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka ikifika umri huo. Kikidondoka, sauti yote hufifia, nawe utalaumu kila kitu isipokuwa hicho.

Kama pako safi, ingiza kalamu ya Bic kwenye gurudumu, uzungushe taratibu mpaka usikie utepe umelegea na kuanza kwenda. Nilipokuwa kijana kazini niliipuuza hatua hiyo kwa kanda ya mteja. Utepe ulikuwa umegandamana, deki ikauvuta kwa nguvu, ukakatika kwenye kiungo cha mwanzoni. Niliuunga, lakini uso wa yule mama siku ile bado ninauona. Baada ya kalamu, peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja. Kanda yako ina karibu dakika 45 kila upande, ambayo ni kama mita 130 za utepe mwembamba sana, na utepe wa namna hiyo haupendi kubonyezwa simama-nenda, simama-nenda.

Kuhamisha, tumia waya kutoka tundu la kutolea sauti la deki hadi kwenye kifaa cha kuingizia sauti cha kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, faili liwe la WAV, na vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya kikomo. Piga kila upande mfululizo bila kukata.

Upande B upige mara mbili. Mara ya kwanza rekebisha kona ya hedi kwa kusikiliza muziki, Dolby ukiiweka jinsi ulivyoona inafaa. Mara ya pili ni kwa ajili ya zile dakika tatu peke yake: zima Dolby, maana redio kaseti ya nyumbani haikuwa nayo, na rekebisha upya skrubu kwa kusikiliza maneno, kwa sababu hedi ya redio ya baba haikukaa kona moja na ya kiwanda. Watu wengi hawaijui hatua hii, wanabaki na sauti ya marehemu iliyofunikwa shuka wakidhani ndiyo mwisho wa uwezo wa kanda. Usisafishe mvumo wa utepe kwa programu kwenye faili la asili. Tunza lilivyo, sehemu mbili tofauti, na majaribio yafanyie kwenye nakala.

Mtandaoni utakutana na ushauri wa kuioka kanda kwenye oveni. Huo ulianza kwa aina fulani za tepu kubwa za studio zilizonata kwa unyevu, na hufanywa kwa joto dogo linalopimwa. Ganda la kaseti yako litapinda. Na wa kuifukia kwenye mchele ili ikauke nao uuache, mchele ni wa wali. Weka kanda kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, siku chache zitoshe.

Acha yote hayo umtafute fundi wa kukutana naye ana kwa ana ikiwa umeona kuvu, kama sufi imedondoka, utepe umekatika, au kanda inalia ikipigwa. Mtafute mtu aliyetengeneza deki enzi zake, au fundi mitambo mstaafu wa redio. Wapo, ingawa vibanda vyao sasa vinauza chaja. Muulize atalifunguaje ganda. Likiwa na skrubu tano, kazi ni nyepesi. Likiwa limegandishwa, anapaswa kusema atalipasua na kuhamishia utepe kwenye ganda jipya. Akikujibu kwamba ataipiga tu aone, chukua kanda yako uondoke. Na usimwachie. Kaa hapo hapo mpaka amalize.

Ukishapata faili, zile dakika tatu zishushe mwendo kwenye nakala, asilimia tatu kwanza, kisha nne, tano, uendelee hivyo, usizidishe haraka. Sauti zitaanza kuwa za watu wazima. Hapo mwite mama akae kwenye kiti, mpe visikizio, umwambie huu si ule wimbo. Endelea kushusha nusu asilimia baada ya nusu asilimia mpaka atakapokwambia "hapo", halafu iandike namba hiyo kwenye kadi ya kanda. Jogoo usimtumie kupimia, kila mmoja ana wiko lake.